Picha ya Skrini na Siri ya Mgonjwa: Karatasi Inayotoka Kwenye Kompyuta Mpakato Tandahimba

Tarehe saba ya kila mwezi ina uzito wake katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za mwezi uliopita za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila mtumishi wa afya anaufahamu kwa jina la MTUHA. Katika Wilaya ya Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, siku hiyo huweza kuangukia katikati ya msimu wa korosho, mji ukiwa umejaa malori na wanunuzi, au katikati ya mvua, wakati umeme na mtandao huja na kuondoka bila kuaga. Mhudumu aliyekwisha kujumlisha vitabu vyake, kile namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha kliniki ya wajawazito na namba 12 cha chumba cha kujifungulia, huketi mbele ya kompyuta mpakato, huingiza tarakimu moja baada ya nyingine, na mwishowe skrini humjibu kwamba taarifa imekamilika. Jibu hilo hukaa machoni kwa muda mfupi tu. Basi naye hupiga picha ya skrini, huichapisha kwenye karatasi, huigonga muhuri na kuitia katika faili.

Wapo wanaolicheka jambo hili. Husema kwamba mfumo wa kompyuta ulianzishwa ili kupunguza karatasi, na sasa watu wanachapisha picha ya kompyuta ili kuthibitisha kwamba wameacha kutumia karatasi. Kicheko hicho si cha haki. Mfumo wa DHIS2, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambao umeendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hupokea taarifa za wilaya zote za Tanzania. Taarifa ikikosekana Dodoma, atakayeulizwa ni mhudumu wa zahanati, na kinga yake ni karatasi ile aliyoiweka katika faili. Mtu anayefanya kazi mahali ambapo mtandao hukatika katikati ya kutuma hana sababu ya kuona haya kwa kuweka ushahidi. Swali linalotuhusu sisi wa tiba ni jingine: ndani ya picha hiyo kuna nini, itachapwa kwa ubora gani, na itaishia mikononi mwa nani?

Kitufe chenyewe kina historia ya kuvutia kidogo. Katika kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981, mtu aliyebonyeza Shift pamoja na kitufe cha PrtSc hakupata picha yoyote ya kuhifadhi; maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye printa na kuchapwa. Jina la kitufe lilikuwa kweli tupu: chapa skrini. Kabla ya hapo, wataalamu wa radiolojia walikuwa na njia yao. Picha za mashine za CT zilipigwa kutoka kwenye kioo kwa kamera maalumu na kuhamishiwa kwenye filamu, kisha filamu ikasomwa juu ya sanduku la mwanga. Kwa hiyo daktari wa leo anayepiga picha ya skrini hafanyi jambo geni katika fani yake. Anarudia la wazee wake kwa kifaa duni zaidi, na hapo ndipo penye hatari, kama tutakavyoona.

Katika Windows, kitufe cha PrtSc hunakili skrini nzima na kuiweka katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Picha haionekani popote mpaka mtumiaji afungue Word au Paint na kubonyeza Ctrl na V kwa pamoja. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani kitufe kimeharibika. Akibonyeza Alt pamoja na PrtSc, atanakili dirisha moja tu lililo mbele yake. Akibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na PrtSc, skrini hufifia kwa nukta moja na picha huhifadhiwa yenyewe katika folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Njia iliyo bora kuliko zote kwa kazi za afya ni kitufe cha Windows, Shift na S kwa pamoja: skrini hupata kiza chepesi, na mtumiaji huchora kwa kipanya pembenne inayozunguka sehemu anayoitaka peke yake. Katika matoleo mapya ya Windows 11, PrtSc yenyewe hufungua njia hiyo. Baadhi ya kompyuta mpakato zina kibodi ndogo, na kitufe hicho hugawana nafasi na kingine. Huko hapana budi kushikilia Fn kwanza. Wenye kompyuta za Apple hutumia Command, Shift na 3 kwa skrini nzima, au 4 kwa sehemu, na picha hukaa juu ya meza ya kompyuta.

Nimeita njia ya kuchagua sehemu kuwa bora kwa sababu ya kitabibu. Skrini nzima huchukua kila kitu: kichupo cha barua pepe, ujumbe uliochungulia pembeni, orodha ya wagonjwa wengine kumi na wawili waliofuata yule mmoja aliyekusudiwa. Mhudumu huangalia mstari wake. Msomaji wa karatasi ataangalia mistari yote. Kuna kasoro moja tu ya kuchagua sehemu, nayo ni kwamba saa na tarehe zilizo pembeni mwa skrini huachwa nje. Anayepiga picha kwa ajili ya kuthibitisha siku ya kutuma taarifa azijumuishe, au aandike tarehe kwa kalamu na kutia saini.

Hata hivyo picha ya skrini ni ushahidi mwepesi. Mwenye ujuzi mdogo wa kompyuta anaweza kubadili tarakimu zinazoonekana katika ukurasa kabla ya kuupiga picha, bila kugusa kilichomo katika mfumo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inataka uzito wake upimwe kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi usalama wake ulivyolindwa. Karatasi iliyogongwa muhuri humsaidia mhudumu katika kikao cha wilaya. Kumbukumbu iliyomo katika mfumo wenyewe ndiyo inayosema neno la mwisho.

Tuje kwenye uchapaji. Skrini ya kompyuta mpakato ya bei ya kawaida huwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297. Gawanya, utapata nukta zisizofika tano kwa kila milimita, ilhali printa ya leza ya kawaida ina uwezo wa nukta zaidi ya ishirini katika nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana jedwali lililosomeka vizuri kwenye kioo hutoka karatasini likiwa na herufi zenye ukungu, 3 ikifanana na 8. Katika taarifa ya vifo vya watoto wachanga, tofauti ya 3 na 8 si suala la urembo. Dawa yake ni kuukuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha kabla ya kupiga picha, kupiga kwa vipande viwili au vitatu, na kuhifadhi kwa mfumo wa PNG badala ya JPEG, kwa kuwa JPEG huvuruga kingo za herufi ili kupunguza ukubwa wa faili. Karatasi ilazwe, si kusimamishwa.

Na mara nyingi picha haihitajiki kabisa. Ukurasa wowote uliofunguliwa katika kivinjari unaweza kuchapwa kwa Ctrl na P, au kuhifadhiwa kama PDF, na hapo herufi hubaki herufi: printa huzichora upya kwa ukali wake wote. Mifumo mingi ya afya ina kitufe chake cha kupakua taarifa. Kwa maoni yangu, picha ya skrini iwe kimbilio la mwisho pale mfumo usipotoa njia nyingine, au pale tunapotaka kumwonyesha fundi ujumbe wa hitilafu jinsi ulivyotokea. Kwa fundi, kwa kweli, haina mshindani. Maelezo ya simu kwamba "imeandika kitu chekundu halafu ikaganda" yamekwisha kupoteza saa nyingi za watu.

Jambo zito zaidi ni picha za uchunguzi. Kutoka Tandahimba, mgonjwa anayehitaji bingwa atapelekwa Mtwara, katika Hospitali ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Wengine huelekea upande wa pili, hospitali ya Ndanda iliyoko wilayani Masasi. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi inayopita hapo ina urefu wa kilomita 210. Haishangazi, basi, kwamba tabibu hutamani kutanguliza picha: anaipiga eksirei kwenye skrini, anaichapisha na kuibana kwenye fomu ya rufaa, au anaituma kwa simu kwa mwenzake.

Eksirei ya kidijitali hubeba kwa kawaida ngazi 4,096 za weusi na weupe. Mtaalamu anapoisoma kwenye kompyuta yake huzipitia ngazi hizo kwa kubadili mwanga, mara akitazama mfupa, mara pafu. Picha ya skrini hubakiza ngazi 256 tu, tena zile zilizokuwa zikionekana dakika ile. Printa ya ofisi ikiichapa kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, hupungua tena. Ufa mwembamba wa mfupa, au mstari mwembamba wa hewa iliyoingia kando ya pafu, unaweza kupotea njiani, na daktari wa upande wa pili akaandika kwamba haoni tatizo. Hakukosea kusoma, alipewa kitu kisichosomeka. Karatasi kama hiyo yafaa kueleza mahali penye shida, kamwe haifai kutoa jibu la hapana. Faili halisi la eksirei litumwe kwa njia ambayo hospitali zimekubaliana, au lisafiri na mgonjwa katika diski. Na kabla ya kuikata picha pembeni, angalia alama ya kulia na kushoto: ndiyo inayokatwa mara nyingi, kwa kuwa hukaa ukingoni.

Chati ya umeme wa moyo ina mtego wake. Kipimo hicho husomwa kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde na kimo cha milimita 10 kwa kila milivolti. Printa ikiambiwa iitoshee picha katika ukurasa, milimita hizo hubadilika: miraba hupanuka au kusinyaa, na anayeweka rula juu ya karatasi atapata mapigo yasiyo ya mgonjwa yeyote. Ahesabu miraba, asipime kwa rula. Na ikiwa mtandao wa miraba haukuonekana pichani, karatasi hiyo haina cha kupimwa.

Sasa siri. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya vipimo vya VVU yabaki siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti na kuzipa ulinzi mkali zaidi. Wahudumu wengi wanayajua haya kwa jumla, nao hufuta jina la mgonjwa kabla ya kuchapisha. Lakini Tandahimba si jiji. Andika kwamba mwanamke wa miaka 19, wa kijiji fulani katika kata ya Luagala au Mahuta, alijifungua kwa upasuaji tarehe fulani na kwamba yumo katika daftari la kliniki ya tiba na matunzo. Jina halipo, na kijiji kizima kinamjua. Kinachomficha mtu katika mji mdogo ni kuondoa umri kamili, kijiji na tarehe kwa pamoja. Kufuta jina peke yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Namna ya kufuta nayo ina mambo. Kalamu ya rangi ya kuangazia iliyo ndani ya programu hupitisha mwanga; ukiongeza ung'avu wa picha, jina huibuka chini yake. Kuweka ukungu au vigae juu ya maandishi hakutoshi, kwani watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba maandishi yaliyofichwa hivyo yaweza kukisiwa kwa kompyuta. Mnamo Machi 2023 iligunduliwa kasoro katika programu ya picha ya simu za Google Pixel, na siku chache baadaye kasoro kama hiyo katika programu za Windows za kukata picha za skrini: mtu alikata sehemu, akahifadhi juu ya faili la zamani, na kumbe mabaki ya sehemu iliyokatwa yaliendelea kukaa ndani ya faili na kuweza kufufuliwa. Kampuni zote mbili zilitoa marekebisho, lakini picha zilizokatwa zamani hazikujirekebisha, wala kompyuta isiyosasishwa kwa sababu vifurushi vya intaneti ni ghali haikupona. Hapa karatasi ina faida ambayo faili haina. Funika jina kwa pembenne nyeusi iliyojaa, chapisha, kisha ikiwa lazima utume kwa kompyuta, skani karatasi hiyo. Kilichokwisha kufunikwa kwa wino mweusi na kuchapwa hakina tabaka la chini la kufukuliwa.

Mara nyingi, hata hivyo, kituo hakina printa inayofanya kazi, au katriji imekwisha na bajeti ya robo mwaka haijafika. Mhudumu huchukua flashi na kwenda steshenari karibu na stendi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, makaratasi yamekuwa sehemu ya kilimo, na maduka hayo hujaa wakulima wanaotaka nakala. Kijana wa duka hunakili faili kwenye kompyuta yake, hulifungua mbele ya foleni nzima, huchapisha, hupokea fedha, humgeukia mteja anayefuata. Faili limebaki. Hana nia mbaya. Kompyuta yake ina mafaili elfu kadhaa ya namna hiyo, barua za maombi ya kazi pamoja na majibu ya maabara. Nakala ya pili, isiyokusudiwa na mtu, imo katika karatasi iliyotoka na michirizi na kutupwa chini ya meza.

Wakubwa zaidi wameanguka katika shimo hilo. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya New York, Affinity Health Plan, ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola 1,215,780 baada ya kurudisha mashine za kudurufu ilizokuwa imekodi bila kufuta diski zilizomo ndani. Taarifa za watu wapatao 344,579 zilihesabiwa kuwa zilikuwa hatarini. Mashine kubwa za kudurufu na kuchapisha huhifadhi ndani yake sura ya kile kilichopita juu ya kioo, jambo ambalo wengi wa wanaozitumia hawalijui. Kituo kinachouza au kurudisha mashine ya namna hiyo kimwite fundi kwanza.

Iwapo hakuna budi kwenda dukani, mhudumu apeleke PDF iliyokwisha kufunikwa, aichapishe moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinakili, asimame hapo mpaka karatasi ya mwisho itoke, na aondoke na zote, nzuri na mbovu. Taarifa yenye jina la mgonjwa isiende dukani kabisa. Ni afadhali muhtasari wa rufaa uandikwe kwa mkono, kama ulivyoandikwa kwa miaka mingi, kuliko kuupitisha kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Na tukigusia mkono: mvua ya uwanda huu ikimkuta mgonjwa juu ya pikipiki, karatasi iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji hutoka mfukoni ikiwa na madoa ya buluu tu, wakati ile ya leza husomeka hata ikikaushwa juani.

Yapo matumizi ya picha ya skrini yasiyo na lawama hata kidogo, na ningependa kuyaona zaidi. Mtumishi mpya anayefika Mihambwe au Litehu hukuta mfumo ambao hajawahi kuuona. Kitini cha kurasa sita, kila ukurasa na picha moja iliyokuzwa vizuri, mshale mmoja na sentensi moja ya Kiswahili inayosema "bofya hapa, kisha chagua mwezi," humfundisha zaidi ya semina ya siku mbili, tena hubaki ukutani baada ya mwezeshaji kuondoka. Picha hizo zipigwe katika akaunti ya mafunzo yenye wagonjwa wa kubuni. Mahali pasipo na akaunti hiyo, fomu tupu inatosha: mwanafunzi anahitaji kuona kisanduku, hahitaji kuona aliyemo ndani yake. Skrini yenye mandhari nyeusi igeuzwe kuwa nyeupe kabla ya kupigwa, kwa sababu ukurasa mmoja mweusi hunywa wino wa kurasa nyingi.

Zile karatasi mbovu, zilizotoka na michirizi au zilizochapwa mara mbili, zina njia yake katika miji yetu yote. Upande mmoja ni mweupe, na karatasi nyeupe ni mali: mtoto huchorea, muuza karanga hukunja pembe na kuijaza. Mteja akimaliza karanga zake huikunjua na kusoma. Kituo cha afya tayari kina tanuri la kuchomea sindano na pamba zilizotumika. Boksi moja chini ya meza ya kompyuta, lenye kifuniko na linalomwagwa katika tanuri hilo kila Ijumaa, haligharimu zaidi ya boksi.